Wavu wa Maganda ya Vitunguu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimeandika jina langu! Kwa kalamu, si kwa penseli, nisije nikaogopa nikalifuta.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa stoo yangu mwenyewe, kwa hiyo nisingeweza kujifanya sikuliona. Seksheni ya upelelezi ya kombania yetu ya askari wa kujitolea inataka mtu mmoja. Mmoja tu. Jaribio ni Jumamosi ya tarehe ishirini: unajificha msituni tangu saa tatu asubuhi mpaka saa sita, na Sajini Dreimanis anakutafuta kwa darubini kutoka juu ya mnara wa wawindaji. Akikuona, umekwisha. Usipoonekana mpaka filimbi ya saa sita, nafasi yako. Wote wakionekana, hapati mtu.

Miaka sita mimi ni mtunza stoo wa kujitolea. Siku za kazi nashona mapazia na kupunguza suruali za watu pale mjini Smiltene. Jioni na mwisho wa wiki nagawa kofia za chuma, buti, makoti ya mvua, na kumgombeza kila anayenirudishia kombati bila vifungo. Kila anayejificha vizuri katika kombania hii nimemvika mimi. Mimi mwenyewe sijawahi kujificha hata nyuma ya mlango.

Sajini alisoma orodha, akanitazama juu ya miwani.

"Maruta? Wewe? Na stoo atakaa nani?"

"Stoo haina miguu, Sajini. Itanisubiri."

Akasema haya, ila nijue jambo moja: mgeni aliyefikisha hamsini yeye hamchukui, magoti yana mambo yake. Mimi natimiza hamsini Januari. Kwa hiyo ni sasa au basi.

Nimemwambia Aldis wakati wa chakula. Mume wangu anaendesha lori la maziwa, na akicheka utadhani lori lenyewe linawashwa. Eti mtu anayegombana na vitasa vya milango kwa sauti atajifichaje? Nimemnyima supu ya pili. Kisha nimempa, maana nami nilikuwa nimeshaanza kucheka.

Jumatano, 3 Septemba

Tumejiandikisha wanane. Wa kuogopwa ni Raitis, bwana misitu, anayeujua kila mti kwa jina. Leo kaja stoo na furushi. Kaagiza nguo za kujifichia kutoka nje, majani ya plastiki yameshonwa mwili mzima.

"Shika, dada Maruta, shika!"

Nikashika. Ukiisogeza inalia kama mfuko wa viazi vya kukaanga. Na zaidi — kaifua! Kwa sabuni ile ya unga inayong'arisha, ili itoke harufu ya dukani. Nimemwambia sabuni ile inaacha nguo inawaka juani. Hili namwambia kila askari mpya siku ya kwanza: kombati haifuliwi kama shuka la harusi. Raitis kasema nina wivu. Sawa!

Kombati zetu mimi nazipenda. Vidoa vya mraba, kijani, kahawia, na rangi ya mchanga kidogo. Ukiiweka mezani ni fujo tupu. Mvalishe mtu, mwambie arudi nyuma hatua arobaini katikati ya misonobari — hayupo. Na za zamani, zilizopauka kwa miaka, ndizo bora kuliko mpya. Hilo hawaniulizi. Wote wanataka mpya.

Habari nyingine: atakayetembea ni Koplo Purmalis. Siku ya jaribio Sajini hashuki mnarani. Anamwelekeza mtu kwa redio — nenda kushoto, simama, mbele kidogo — na mtu huyo akiwa karibu nawe hatua tatu, lazima aseme "yupo". Purmalis ni daktari wa meno. Ndiye aliyening'olea jino la nyuma, akaniambia wazi, mdomo wangu ukiwa umejaa vyuma vyake, kwamba kosa ni langu na pipi zangu. Mwaka jana aliendesha gari kutoka kwake hadi stoo kurudisha kifungo kimoja. Kimoja! Alikikuta mfukoni. Mtu huyu hajui kusema uongo hata wa kumliwaza mgonjwa. Akifika hatua tatu, nimekwisha.

Jumamosi, 6 Septemba

Aibu.

Nimeshona vazi langu la kwanza. Wavu, vitambaa, rangi ya kijani ya dukani. Zuri! Nikaenda kulala chini ya miti ya tufaha, nikamwomba Mama Velta anitafute kutoka dirishani kwake. Mama mkwe wangu ana miaka sabini na tisa na anakaa nyumba ya ng'ambo ya bustani yetu. Hata sijamaliza kujifunika usoni, dirisha likafunguliwa.

"Maruta! Kwani kuna mtu kakutupia zulia la baa?"

Akatoka na kisu cha viazi mkononi, akanizunguka. Akasema kijani hiki hakipo popote duniani isipokuwa kwenye chupa. Akaniuliza mara ya mwisho lini nimeutazama msitu wa Septemba. Nikasema kila siku. Akasema hapana, unaupita kila siku.

Basi akanitajia, akihesabu kwa ncha ya kisu. Kahawia ya sindano za misonobari, yale majani yake membamba yaliyoanguka, hiyo ndiyo nyingi. Kijivu cha magome. Manjano kidogo ya majani yanayoanza kuchoka. Wekundu wa vichaka vya beri, lakini kwa mbali. Kijani mwisho kabisa, na kiwe kimezeeka. Huyu ni mwanamke aliyefuma glavu za sufu miaka sitini na hajawahi kununua rangi. Na mimi, fundi cherehani, nilikwenda dukani!

Jumapili, 7 Septemba

Nyumba nzima inanuka kitunguu. Nywele zangu. Mto wa Aldis.

Mama Velta huweka maganda ya vitunguu mwaka mzima kwa ajili ya kupikia mayai ya Pasaka, yatoke na rangi ya kahawia. Gunia zima liko darini kwake. Leo kalishusha lote. "Pasaka ijayo tutakula mayai meupe," akasema, na kwake hilo si jambo dogo. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ana sufuria ya moto mkononi.

Tumechana magunia ya zamani kuwa utepe. Chungu cha kwanza maganda peke yake: kahawia ya dhahabu. Cha pili maganda na misumari yenye kutu: kahawia ya giza, karibu nyeusi, nzuri mno. Cha tatu gome la mti wa kando ya kijito: kijivu. Wavu wenyewe ni wa marehemu baba mkwe, aliokuwa akivulia ziwani. Una matundu matatu makubwa. Mama Velta kayashika moja moja, akasema haya ni ya samaki mmoja tu, yule ambaye mzee alimsimulia kwa miaka ishirini.

Aldis kaingia, kanusa, kafunua chungu cha pili na kijiko tayari mkononi. Tukapiga kelele sote wawili.

Jumatano, 10 Septemba

Leo lazima niandike vizuri.

Nimevaa kombati yangu kuukuu iliyopauka, nikajifunika wavu, nikalala chini ya mti wa tufaha wa mwisho. Mama Velta dirishani. Robo saa. Nusu saa. Nikamsikia anaita, "Bado hujatoka nyumbani?" Nikanyamaza. Furaha iliyonipata! Nilitaka kupiga mbinja.

Kisha akaja Aldis. Amerudi mapema, hajui kama nipo. Akakaa kwenye kisiki, hatua nne kutoka kichwani kwangu, akavua buti, akapiga simu. Alikuwa anaongea na Jānis wa kazini. Kwanza mambo ya lori, gia ya tatu inagoma. Halafu nikasikia jina langu.

"Maruta? Anaingia upelelezi, bwana. Ndiyo, mke wangu! Ngoja uone. Yule mwanamke akiamua jambo, hata Sajini mwenyewe atamkanyaga apite asimwone."

Akaendelea hivyo. Eti kamwambia hata mkuu wa kiwanda cha maziwa. Eti siku ya filimbi ataniletea maua, lakini Jānis asiseme, maana mimi nikijua nitavimba kichwa.

Nililala pale nikauma kitambaa cha gunia. Miaka ishirini na tano ya ndoa, na mtu huyu ananicheka kutwa! Machozi yalinitoka kabisa, siandiki kujipamba. Nisipopata nafasi hii sasa nitatazamana vipi na kiwanda kizima cha maziwa?

Alipoingia ndani nilizunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa mbele kama natoka dukani. Akaniuliza mbona nina gunia mdomoni.

Jumapili, 14 Septemba

Balaa!

Sajini katuonyesha ramani ya jaribio. Mteremko wote unaotazamana na mnara, kutoka barabara ya magogo mpaka kinamasini. Kauzungushia mstari mwekundu. Ndani ya mstari, kwenye kona ya chini kabisa, kuna misonobari michanga sita na mmoja mzee uliopigwa radi.

Pale ni pa Mama Velta.

Hapa hata katika daftari langu naona kama nasaliti. Msitu ni wa kila mtu, yeyote aingie na ndoo yake achume. Ndiyo maana mahali pa uyoga hapatajwi. Unaweza kumwambia jirani mshahara wako na ugonjwa wako, lakini mahali unapookota uyoga wa baravika unakufa napo. Na baravika za pale! Shina nene kama mkono wa mtoto, kofia ya kahawia, nyama nyeupe isiyo na funza hata mmoja. Mama Velta alionyeshwa na mama yake. Mimi alinionyesha mwaka wa kumi na moja wa ndoa yangu, baada ya kunifanya niape nikiwa nimeshika mti. Aldis hajui mpaka leo. Mwanawe wa kumzaa! Anasema Aldis ana moyo mzuri na mdomo mpana.

Na sasa watu wanane watatambaa humo kwa matumbo. Raitis tayari kaweka kidole chake kwenye kona ileile ya ramani, kasema mbona hapa pamekaa vizuri. Nikasema kuna maji. Kasema atakwenda kuangalia. Nikasema kuna nyoka. Kila mtu akanigeukia.

Sajini kasema kila mtu achague mahali pake sasa hivi, aandike, tusigombanie siku yenyewe. Mkono wangu ukaandika kabla sijafikiri. Kona ya chini. Maruta.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwambia Mama Velta. Alikuwa anamenya matufaha. Kisu kikasimama.

Hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali. Alimenya matufaha mawili mazima. Kisha akasema, "Kwa hiyo umeleta jeshi kwenye baravika za mama yangu."

Nikamweleza. Mstari haukuchorwa na mimi. Nisingepachukua, Raitis angepachukua, na Raitis ni bwana misitu, akipaona mara moja mwakani ataleta shemeji zake. Mimi nikilala pale, hakuna mwingine anayepaingia. Ila nikionekana — hapo ndipo penye kazi. Ukionekana, filimbi ya saa sita ikishalia Sajini anawaita wote waje wasimame pale ulipolala, wajifunze kosa lako. Watu kumi pale pale juu ya uyoga, na wote wana macho.

Akafikiri. Akasema Alhamisi atakwenda mwenyewe na ndoo mbili, afagie yote, hata wale wadogo wenye ukubwa wa kifungo. Wakija wakute majani matupu.

"Na wewe," akanielekezea kisu, "usionekane."

"Sitaonekana, Mama."

"Hujanielewa, mwanangu. Sikuombi."

Alhamisi, 18 Septemba

Mama Velta kafagia. Ndoo mbili zimejaa, na aproni pia. Tumekata, tumetunga kwenye uzi, jikoni kumetundikwa shanga za uyoga kutoka dirisha hadi jiko. Aldis kauliza zimetoka wapi. "Msituni," akajibu mama yake.

Jioni mvua imeanza. Mvua ya taratibu, ya uvuguvugu, isiyo na upepo. Nimesimama mlangoni naisikiliza. Mama Velta naye kasimama mlangoni kwake, ng'ambo ya bustani. Kila mtu kwetu anajua mvua ya namna hii inaotesha nini.

Ijumaa, 19 Septemba

Bado inanyesha. Joto! Septemba gani hii?

Nimepanga kila kitu. Kombati kuukuu, wavu, glavu za kijivu ambazo Mama Velta kanifumia kwa siku tatu, mkate mweusi na kipande cha nyama ya moshi kwenye kitambaa — si karatasi, karatasi inalia. Sajini ameagiza kila mtu awe na daftari na penseli, aandike anachokiona akiwa mafichoni, ndiyo kazi ya mpelelezi. Nachukua hili. Ya kijeshi nitayanakili baadaye.

Raitis kapita stoo kuniuliza kama nyoka ni wa kweli.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa tatu kasoro dakika tano. Nimelala. Mvua imekoma. Msonobari uliopigwa radi uko kushoto kwangu, ile michanga sita imenizunguka. Nimechomeka matawi ya vichaka vya beri kwenye wavu, machache, kama nilivyoagizwa. Naandika daftari likiwa chini ya kidevu. Mnara naouona kupitia tundu la samaki wa baba mkwe. Sajini anakunywa chai huko juu. Wivu ninao!

Saa tatu kamili. Filimbi.

Saa tatu na dakika kumi. Mmoja kaonekana. Alipiga chafya. Koplo Purmalis kaenda moja kwa moja, kasema "yupo" kwa masikitiko, sauti ileile anayotumia kwa jino lililooza.

Saa tatu na nusu. Kupe anatembea kwenye kiganja changu. Siwezi kumwondoa. Tunatazamana.

Saa nne na dakika tano. RAITIS! Jua limetoka kidogo tu, na pale kwenye mteremko pakang'aa kitu kama dirisha. Sajini hata hakuinua darubini. Raitis anashuka huku majani yake yanalia, anasema kwa sauti haiwezekani, haiwezekani. Namhurumia. Hapana, simhurumii. Kesho nitamhurumia.

Saa nne na nusu. Wamebaki wanne, nami nikiwemo. Wale waliokwisha wamekaa chini ya mnara wanakula. Nasikia mtu akiuliza, na mama wa stoo yuko wapi? Mwingine kasema labda kaenda nyumbani. Nimetabasamu ndani ya gunia.

Saa tano kasoro robo. Jambo limetokea, na halikunitokea mimi. Nilikuwa natazama mnara muda wote. Nimeshusha macho. Mbele ya pua yangu, kwenye zulia la majani laini ya kijani, ardhi imeinuka kidogo, na chini ya sindano za misonobari kuna kofia. Ya kahawia. Imelowa, inameta. Nimetazama kushoto. Nyingine. Na nyingine mbili pamoja, ndugu. Moja nene kabisa iko chini ya wavu wangu, kati ya kiwiko na kifua. Nimelala nayo saa mbili bila kujua! Nimehesabu kwa macho: saba. Mama Velta alifagia juzi, na mvua nayo ikafanya kazi yake.

Mungu wangu, ni nzuri sana. Kisu ninacho mfukoni. Sisogei. Naandika ili mkono uwe na shughuli.

Saa tano na dakika kumi. Tumebaki wawili. Mimi na yule wa kiwanda cha mbao.

Saa tano na dakika ishirini na tano. Wa kiwanda cha mbao kaonekana. Alikuwa kajificha vizuri, lakini alilala usingizi, akakoroma.

Nimebaki peke yangu. Dakika thelathini na tano! Moyo unapiga, naona wavu unatikisika. Moyo wee, tulia. Barabarani pale nyuma ya mnara limesimama lori la maziwa. Kaja. Kashuka, kitu kakificha mgongoni, na kwa jinsi alivyosimama wima, najua ni maua.

Saa tano na dakika thelathini na nane. Sajini anajua nipo sehemu hii, jina langu liko kwenye ramani. Anamtuma Koplo. Nasikia redio kwenye bega lake. Shuka. Kulia. Sasa nenda kwenye ule mti uliopigwa radi.

Anakuja.

Saa tano na dakika arobaini na tatu. Yuko hatua sita. Buti zake naziona, zile nilizompa mimi mwezi wa pili, namba arobaini na nne, amezipaka mafuta, mtu mwema. Hatua tano. Sipumui kwa mdomo.

Hatua nne. Kasimama.

Hatazami nilipo. Anatazama chini. Najua anachokitazama. Uso wake umelainika wote, kama mtu aliyeitwa jina la utotoni.

Redio: mbele kidogo. Kapiga hatua mbili. Redio: kuna nini hapo?

Saa tano na dakika arobaini na sita. Naandika upesi. Koplo Purmalis kapiga magoti. Kaangalia nyuma, mnarani, kwa wenzake. Katoa kisu kidogo. Kasema kwenye redio, kwa sauti yake ileile ya kliniki:

"Hakuna kitu, Sajini. Majani tu."

Purmalis! Mtu wa kifungo kimoja!

Kaona nini? Kaniona mimi, au uyoga tu? Yuko hatua mbili! Akiniona na akasema, watakuja wote hapa. Naye hataki waje. Labda haniangalii kusudi. Labda hanioni kabisa. Sijui, na siwezi kumuuliza.

Kakata ya kwanza. Kaifuta udongo kwa kidole gumba, kainusa. Kofia ya chuma kaivua, kaitia baravika humo. Shimo kalifunika vizuri, kama mtu aliyelelewa. Ya pili. Ya tatu.

Saa tano na dakika hamsini. Sajini: mbona umepiga magoti? Koplo: nafunga kamba za buti. Uongo wa pili ndani ya dakika nne! Na kamba zile ni za kukaza kwa kitufe, hazifungwi. Sajini kasema haya, tazama tena vizuri, lazima yuko hapo.

Wale ndugu wawili. Wote wawili ndani ya kofia ya chuma. Mama Velta angekuwa hapa! Mimi nimelala natazama baravika za mama yake zinakwenda kliniki ya meno, na sina ruhusa hata ya kukohoa. Nikisema neno, nimeonekana. Nikinyamaza, mwakani atarudi. Atarudi tu, nani asingerudi?

Saa tano na dakika hamsini na nne. Sita kachukua. Anaimba puani, taratibu. Anatambaa kwa magoti. Kanikaribia kiasi kwamba nanusa dawa ya meno. Anapapasa majani. Kidole chake kimegusa ukingo wa wavu wangu, kikapita. Kimerudi.

Kaiona ya saba. Kofia yake imechungulia kati ya vitambaa, kahawia juu ya kahawia. Ile nene. Ya kwangu, nimelala nayo tangu asubuhi.

Nimeingiza mkono wa kushoto chini ya wavu. Nimeshika shina.

Saa tano na dakika hamsini na sita. Naandika kwa mkono wa kulia, herufi zinakwenda zinakotaka. Purmalis kashika kofia ya baravika kwa vidole viwili, kwa upole, kama anavyoshika jino. Kavuta. Haikuja. Kaacha kuimba. Kavuta tena, kidogo.

Redioni Sajini anauliza, Koplo, kuna nini hapo? Huko barabarani Aldis kapanda juu ya ngazi ya lori ili aone vizuri. Koplo hajajibu. Mashavu yake yamekuwa mekundu. Sajini anauliza tena.

Dakika nne. Anavuta. Nami nimeshika.